Pumzi zimebadilika: unahesabu vipi, na kila dalili inakwambia nini

Mimi ni nesi. Nimefanya kazi visiwa vya huku kwetu Lamu miaka 14, nikianzia Faza, nikaenda Pate, sasa niko Amu mjini, na kuna jambo moja nimelibeba moyoni muda mrefu hebu leo niliandike: pumzi za mgonjwa hazihesabiwi. Joto linapimwa, presha inapimwa, mapigo ya moyo yanapimwa, manake hizo zote zina kifaa chake, lakini pumzi mtu anamtupia mgonjwa jicho halafu anaandika 20. Nimefungua mafaili mengi nikakuta 20, 20, 18, 20, mstari mzima, mwenye nimonia na aliyevunjika kidole wote 20. Hiyo namba haikuhesabiwa, imeandikwa tu.

Na mimi nimeiandika. Kuna mzee mmoja nahodha, bintiye alimleta kituo nilichokuwa nafanya kazi zamani, akalazwa tangu asubuhi, chati yake ina 20 tatu na ya tatu ina sahihi yangu. Alasiri binti akanifuata mlangoni akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, baba anatweta, hebu njoo umwangalie." Nikakaa kando yake nikamshika mkono kama napima mapigo, nikahesabu dakika nzima. 34. Nikahesabu tena, 34. Hapo ndo tukaanza kuhangaika na boti, na maji yalikuwa yashakupwa, ikabidi tungoje yajae usiku ndo tuvuke. Alipona alhamdulillah, bado anakaa barazani na wenzake jioni. Lakini zile saa tulizongoja maji nazikumbuka moja moja, manake asubuhi maji yalikuwa yamejaa na boti iko pale imefungwa, na ningehesabu asubuhi angevuka asubuhi.

Kwa hivyo huu mwongozo ni wa akina mama, wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini, na wadogo zangu wanaoanza unesi. Nimeupanga kwa shida: unaona hiki, huenda ni kile, fanya hivi. Huku visiwani namba ya pumzi ndo inakwambia utafute boti sasa hivi kabla maji hayajakupwa, ama mtu anaweza kungoja kliniki asubuhi.

Kwanza uelewe kwa nini pumzi hutangulia

Hewa tunayovuta ina oksijeni kama 21 kwa mia, tunachotoa kina kaboni dioksaidi. Anayeamrisha ni ubongo, ile sehemu ya chini kabisa inayokaribia shingo, na ubongo hausikilizi oksijeni sana kama watu wanavyodhani, unasikiliza zaidi kaboni dioksaidi na asidi iliyo kwenye damu, hizo zikipanda kidogo tu unaamrisha kifua kiende mbio. Ndo maana pumzi mara nyingi hubadilika kabla presha haijashuka na kabla midomo haijabadilika rangi. Na ndo maana tena pumzi si habari ya mapafu peke yake: sukari, malaria, moyo, kupungukiwa damu, figo, hata dawa za kulevya, zote zinaonekana kifuani.

Mtu mzima aliyepumzika anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Watoto wanapumua haraka zaidi, na Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ambayo ningependa kila mama aijue kama anavyojua jina la mwanawe: mtoto wa chini ya miezi 2, ikifika 60 ni haraka, miezi 2 mpaka asitimize mwaka, ni 50, mwaka 1 mpaka asitimize 5, ni 40. Kwa mtu mzima, kule Uingereza hospitali zinatumia mpango wa kutoa alama ambapo 25 kwenda juu inapata alama ya juu kabisa ya hatari, na 8 kushuka chini inapata alama hiyo hiyo. Watu wanaogopa pumzi za haraka, za polepole hawaziogopi, nitarudi hapo.

SHIDA ZA KUHESABU KWENYEWE

Nikihesabu mara mbili napata namba mbili tofauti

Angalia kwanza ulihesabu nini. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja, sio mbili. Nimeletewa mtoto mara kadhaa mama anasema 80, tukihesabu pamoja ni 40, manake alihesabu kupanda moja na kushuka moja. Sababu ya pili ni muda. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, ukikosea pumzi moja tu umeshakosea 4, na mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio mmoja, anaenda mbio kidogo, anapoa kidogo, anasimama kidogo. Dakika nzima, sekunde 60, weka simu ikulilie ikifika. Kwa kichanga wa chini ya miezi 2 ukipata 60 ama zaidi hesabu tena mara ya pili kabla hujaamini.

Sababu ya tatu ni mtoto mwenyewe. Analia, ananyonya, ametoka kucheza, umemvua nguo ghafla: zote zinaharibu hesabu. Ngoja atulie. Akiwa amelala, hesabu kabla hujamwamsha, hiyo ndo nafasi bora kabisa na watu wengi wanaipoteza kwa kumwamsha ili wampime joto.

Mgonjwa akijua nahesabu anabadilisha

Ni kweli, mtu akiambiwa unahesabu pumzi zake anaanza kuzipumua kwa makusudi. Usimwambie. Mshike kiganja kana kwamba unapima mapigo, pima kweli nusu dakika, halafu usiachie mkono, peleka macho kifuani na uhesabu dakika nzima. Wala usimzungumzishe, manake kuzungumza kwenyewe kunakata pumzi.

Sioni kifua, amevaa buibui

Hili la kwetu. Usikisie kwa ajili ya kuona haya. Angalia bega, ama ukingo wa mtandio pale unapokaa juu ya kifua, ama leso aliyojifunika tumboni, kitambaa kikilala vizuri kinaonyesha pumzi kuliko ngozi. Ukishindwa muombe mamake ama dadake amwekee mkono juu kidogo ya kitovu na ahesabu yeye, wewe ushike saa. Kwa mtoto hakuna kukisia, funua kifua mpaka tumboni, taa iwepo, manake kwa mtoto kuna jambo la kuona zaidi ya kuhesabu.

Sijui kusoma saa, ama nikitazama simu nasahau nilikofika

Nilifunzwa jawabu la hili na bibi mmoja wa Siyu. Mjukuu wake miezi 8 ana kikohozi, nikamwelekeza ahesabu nami nishike simu, akifika 20 na kitu anapotea, anaanza upya. Mara ya tatu akatoa tasbihi yake mfukoni, akaishika chini ya leso, akasema, "Mwanangu, hebu anza." Kila kifua kikipanda kidole gumba kinasukuma shanga moja. Macho hayakuondoka kwa mtoto hata mara moja. Simu ilipolia akaniinulia tasbihi, ameishika pale alipofika, na tukaanza kuhesabu zile shanga polepole: alipita kigawanyo cha kwanza, na baada yake shanga 21. 33 na 21 ni 54. Nikamuuliza kama anaona sawa kuitumia hivyo, akaniambia, "Hii hesabu kidole changu kinaijua, sihitaji kuitazama."

Tangu siku ile nawafunza hivyo wote wenye tasbihi ya shanga 99. Vigawanyo viko baada ya 33 na baada ya 66. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 5, akipita kigawanyo cha kwanza na shanga 7 juu yake, ni 40. Mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka, kigawanyo na shanga 17, ni 50. Kichanga, zikibaki shanga 6 ufike kigawanyo cha pili, ni 60. Na mtu mzima aliyepumzika hafai hata kukikaribia kigawanyo cha kwanza, zikibaki shanga 8 akifikie, ni 25, tafuta boti. Asiye na tasbihi atumie kokwa za tende, za kutosha kwenye kikombe, kila pumzi anahamisha moja kikombe cha pili.

Tuko kwenye boti

Usihesabu injini ikiwa inanguruma, kila kitu kinatetema, utahesabu mawimbi. Hata mashine ya kidole, ile oksimita ya kupima oksijeni, huko inapotea. Hesabu gatini kabla hamjaondoka, na uhesabu tena mkifika.

SHIDA ZA MGONJWA

Mtoto anapumua haraka, ana kikohozi, labda na homa

Mpaka ithibitishwe vingine, chukulia ni nimonia, ile wazee wanaiita kichomi. Kikohozi na pumzi zilizopita mpaka wa umri wake zinatosha, hutakiwi ungoje homa, na homa kukosekana hakumwondoi kwenye hatari. Ni kweli homa yenyewe huongeza pumzi, lakini hiyo isiwe sababu ya kungoja siku mbili. Apelekwe kituoni siku hiyo hiyo aangaliwe, nimonia ya kawaida ya mtoto inatibika kwa dawa ya kunywa, amoksilini, na muhimu ni kumaliza dozi.

Sasa funua kifua. Tazama sehemu ya chini ya mbavu, pale kifua kinapokutana na tumbo. Mtoto mwenye afya akivuta hewa, kifua na tumbo vyote vinatoka nje. Akiwa na shida, anapovuta hewa ile sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani, inaingia kama mfuko unaonyonywa. Sio ngozi kati ya mbavu tu, ni ukuta wenyewe wa kifua, na ni kila pumzi, na mtoto ametulia. Ukiliona hilo, hesabu haina maana tena, hata ikiwa 38, ni kituoni sasa hivi. Mtoto aliyechoka sana pumzi zake huweza hata kupungua, mama akafikiri amepata nafuu, kumbe misuli imeishiwa nguvu. Pua kutanuka kila pumzi, kuguna kila anapotoa hewa, kichwa kutikisika na pumzi, zote ni za kundi hilo. Na kama hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, ama amelegea haamki vizuri, hapo hospitali moja kwa moja, usipitie duka la dawa.

Niseme na hili la mafuta, manake naliona kila mwezi. Tafadhali usimtie mtoto samli ama mafuta ya nazi puani ama kooni ati yalainishe kifua. Mafuta hayamkohoshi kama maji, yanateremka mpaka mapafuni bila kumshtua, yakifika huko hayatoki, yanaleta nimonia yake yenyewe. Mafuta ya taa ndo kabisa. Asali pia si ya mtoto wa chini ya mwaka. Pua ikiziba mtie tone moja moja la maji ya chumvi ya dukani kabla ya kunyonya, kichanga anategemea pua sana na pua iliyoziba peke yake inaweza kumfanya ahangaike, ukishaisafisha uhesabu tena.

Kichanga anasimama kupumua halafu anaendelea

Sekunde 5 mpaka 10 kisha anaendelea mwenyewe, rangi yake nzuri, ananyonya vizuri: ni kawaida ya vichanga. Ikifika sekunde 20, ama fupi lakini anabadilika rangi au analegea, mguse nyayo umchochee, na ukimbie. Kwa mtoto wetu mweusi usitafute rangi ya buluu kwenye ngozi, fungua mdomo utazame ulimi na fizi.

Anapumua haraka na kwa kina, lakini kifua ni kisafi

Hii ndo inayowapita wengi, hata sisi. Kikohozi hakuna, ukisikiliza mapafu yako wazi, mashine inasoma vizuri, lakini mgonjwa anavuta pumzi kubwa kubwa, nzito, bila kupumzika, kama mtu aliyetoka kukimbia na yeye amelala. Mapafu hayana kosa. Damu imejaa asidi na mwili unajaribu kuitoa kwa njia ya pumzi. Daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliielezea mwaka 1874 kwa wagonjwa wa sukari na bado inaitwa kwa jina lake.

Sababu za kutafuta: sukari iliyopanda mno (amekuwa akinywa maji sana, anakojoa sana, amekonda, anatapika, mdomo unanuka utamu kama tunda lililooza), kuharisha kulikomkausha, figo, na kwa watoto wetu wa Pwani, malaria kali. Watafiti wa Kilifi, jirani zetu hapa, walichapisha mwaka 1995 kwamba kati ya dalili zote za malaria kwa mtoto, mbili zilionyesha wengi wa walio kwenye hatari ya kufa: fahamu kupungua, na kupumua kwa shida. Kwa hivyo mtoto mwenye malaria anayevuta pumzi nzito usimtibu kama mwenye mafua na malaria, huyo ni malaria kali na anataka hospitali. Na yeyote mwenye pumzi hizi apimwe sukari, ni tone moja la damu.

Anatoa mluzi, kifua kinabana

Ukisikia mluzi zaidi akiwa anatoa hewa, fikiria pumu kwanza. Muulize nini kilitangulia. Huku kwetu jawabu ni udi na ubani mara nyingi sana, chumba cha bi harusi kimefungwa, chetezo kinafuka, na binti mwenye pumu yuko ndani anaona haya kutoka. Mtoe kwenye moshi kabla ya lolote. Mkalishe, ainame mbele kidogo, mikono juu ya magoti, usimlaze.

Ana inhela ya buluu lakini "haimsaidii"? Mara nyingi dawa inabaki kinywani haifiki kifuani. Chukua chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita, ioshe kwa maji yenye sabuni usiifute ndani iache ikauke yenyewe, toboa tundu kwenye kitako linalolingana na mdomo wa inhela, liingie barabara, zungushia tepu pasipitishe hewa. Inhela huku, mdomo wa mgonjwa kule kwenye mdomo wa chupa. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, avute pumzi 5 ama 6 za kawaida ndani ya chupa, halafu tena. Madaktari wa Afrika Kusini waliijaribu hii chupa kwa watoto miaka ya 1990 na ikafanya kazi sawa na kile kifaa cha kununua. Mtu mzima kwenye shambulio kali huchukua mara 4 mpaka 10, moja moja, na inaweza kurudiwa kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza, lakini mkiwa njiani kwenda hospitali, sio mmekaa mnangoja.

Dalili za kwamba ni kali: hamalizi sentensi kwa pumzi moja, pumzi 25 ama zaidi, shingo inavuta. Na mluzi ukinyamaza huku mtu bado anahangaika, usifurahi, hewa haipiti tena hata ya kutoa sauti.

Sauti iko wakati wa kuvuta ndani

Hii ni tofauti na mluzi wa pumu. Sauti kali akiwa anavuta, hata ametulia, shida iko kooni, juu ya mapafu. Mtoto akiwa na homa na sauti hiyo, usimwangalie koo kwa kijiko, usimlaze, mbebe alivyokaa mpeleke.

Ikianza ghafla wakati wa kula, amekabwa. Anakohoa kwa nguvu? Mwache akohoe, mtie moyo. Hakohoi, hatoi sauti, ameshika koo? Mpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja, halafu mkumbatie kwa nyuma umbane tumbo juu ya kitovu kwa nguvu, ndani na juu, mara 5, mbadilishe hivyo hivyo mpaka kitoke. Mtoto wa chini ya mwaka habanwi tumbo, mlaze kifudifudi mkononi kichwa chini, mgongoni mara 5, mgeuze, msukume katikati ya kifua mara 5. Usiingize kidole usikokuona. Mwiba wa samaki unaochoma huku mtu anaongea na anapumua ni jambo jingine, pumzi iko salama, lakini usimpe tonge la wali aumeze nao, unaweza kuzama zaidi, aende akatolewe.

Hawezi kulala chali

Mzee ama mama mjamzito ama aliyejifungua karibuni, akilala pumzi zinakata, anaamka usiku anakaa dirishani, miguu imevimba: fikiria moyo. Muulize analalia mito mingapi na zamani alilalia mingapi. Mkalishe, miguu ining'inie chini, asilazwe kwenye boti kwa heshima ya kumfanya apumzike, kumlaza ndo kumzamisha.

Akichoka na kuhema kwa kupanda ngazi tu, tazama ndani ya kope na viganja kama damu imepungua. Kikohozi cha wiki 2 na zaidi, apimwe kifua kikuu.

Pumzi ni polepole mno

Hapa ndo naomba watu wasome polepole. Mtu amelala, anakoroma vibaya kuliko kawaida, ukimwita haitiki, pumzi 6 kwa dakika, wenzake wanasema mwache amechoka. Unga, yaani heroini, uko Pwani yetu na vijana wetu wanakufa hivi, wanakufa wakidhaniwa wamelala. Unga, na vidonge vya maumivu vikali na vya usingizi, vinaunyamazisha ule ubongo unaoamrisha pumzi. Fungua jicho: mboni ikiwa ndogo kama ncha ya sindano, ni huo. Mwite kwa nguvu, msugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Akipumua mwenyewe mlaze ubavu. Asipopumua, ama ni pumzi moja moja ya kushtuka shtuka, mpulizie mdomoni, moja kila sekunde 5 hivi, na kama hana dalili ya uhai anza kubonyeza kifua, na mtu akimbie kutafuta msaada. Dawa ya kuzindua ipo, inaitwa naloksoni, na inafanya kazi haraka, lakini inaisha mwilini kabla ya unga, anaweza kuzama tena, kwa hivyo akizinduka bado aende hospitali. Na mwambieni nesi ukweli ametumia nini. Mimi ninachotaka kujua ni hicho tu, mengine siulizi.

Anahema, vidole vinamwenda ganzi, anaogopa

Huenda ni hofu, kweli. Lakini hofu ni jawabu la mwisho baada ya kuhesabu, kupima sukari, kusikiliza kifua, sio la kwanza ati kwa sababu ni msichana. Usimpe mfuko wa karatasi apumulie. Kaa naye, pumua polepole naye mpaka akufuate, zisipotulia kwa dakika chache atafutiwe daktari.

Mashine inasema 98 lakini simwamini

Usimwamini mashine kabla ya macho yako. Oksimita inapima oksijeni kwenye damu, haipimi kazi anayoifanya mgonjwa kuipata. Mtu anaweza kusoma 98 huku anapumua mara 36, na siku akichoka namba itaanguka kwa ghafla. 95 kwenda juu ni nzuri, chini ya 90 anahitaji oksijeni haraka.

Ikisoma ajabu, angalia kidole. Rangi ya kucha, mkono baridi, mtoto anatikisika. Na piko! Hina nyekundu haileti taabu sana, lakini piko jeusi linazuia mwanga wa mashine, na bi harusi wa kwetu amepakwa vidole vyote 10. Mvalishe kwenye ndewe ya sikio kama mashine ina kibanio chake, ama kidole cha mguu kisichopakwa. Tena mjue hizi mashine huweza kusoma juu kidogo kwa ngozi nyeusi, mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba zilikosa kuwagundua wagonjwa weusi wenye oksijeni ya chini karibu mara tatu kuliko weupe. Na mtu aliyelala na jiko la makaa chumba kimefungwa, mashine haijui kutofautisha ile gesi ya makaa na oksijeni, itakuandikia 99 na mtu anakufa. Huyo mtoe nje kwenye hewa kwanza.

Ukishapata namba usiibebe kichwani. Iandike kwenye karatasi, na saa uliyohesabu, alikuwa macho ama amelala, kifua kilibonyea ama hakikubonyea, anakunywa ama hanywi. Hesabu tena baada ya nusu saa, andika chini yake. Hiyo karatasi mpe anayemsindikiza, ikunje uitie kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Ile ya bibi wa Siyu bado ninayo, mjukuu wake mwingine, mkubwa, ndiye aliyemwandikia: "Saa tisa na robo alasiri, 54, amelala. Saa tisa na dakika arubaini na tano, 58, yuko macho ametulia, mbavu zinaingia ndani, ananyonya kidogo." Saa kumi walikuwa kwenye boti, maji yangali yamejaa.